Tuliigiza kurithi jina la marehemu kwenye tamthilia ya mizimu, na mimi ndiye niliyekunywa maji

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Huku kiangazi kimekolea, asubuhi baridi inauma masikio na vumbi la mtaa wetu wa Ruashi limeshafika mpaka kwenye kopo la chumvi.

Nimekuwa humu muda mrefu nikisoma nyuzi zenu bila kuandika neno. Nimecheka na nyie, nimewaogopa baadhi yenu, kuna wawili watatu nimewatukana kimoyomoyo. Leo ni zamu yangu.

Ninachosimulia nimekiona kwa macho, na sehemu moja nimeifanya kwa mkono wangu. Asiyeamini namruhusu asiamini, ila asome mpaka mwisho ndipo abishe.

Kiswahili changu nimekinyoosha kwa ajili yenu. Watu wa kwetu nitawaacha waseme wanavyosema, mtawaelewa tu.

Sasa, mimi ni mtu wa sauti.

Simaanishi mwimbaji, nikiimba hata mbwa wanahama. Mimi ndiye ninayeshika ile fimbo ndefu yenye maikrofoni juu ya vichwa vya waigizaji, sisi tunaiita perche. Kikundi chetu ni kidogo, watu kumi na kitu, tunapiga tamthilia inayoonyeshwa kila Jumapili kwenye televisheni moja ya hapa mjini.

Jina la tamthilia ni "Mwenye Nyumba Hajahama".

Hadithi yake ni hivi. Mwanamke mwenye nyumba amekufa, lakini amekataa kuondoka. Ndani ya nyumba wamebaki wapangaji watano ambao hawana undugu wowote. Kila mmoja ana msiba wake aliokuja nao. Mwanzoni mzimu unawafukuza, baadaye unaanza kuwapikia, na mwishoni wanakuwa watoto wake na kuitana ndugu.

Mzimu huo uliigizwa na Mama Odile.

Wakuu, huyu mama alikuwa anatisha. Hapakwi unga usoni wala hawekewi moshi. Anakaa tu kwenye kiti, anakuangalia, nawe unaanza kukumbuka madhambi yako. Sokoni Ruashi watu walikuwa wanampisha njia. Kuna mama mmoja muuza kapenta, wale dagaa wetu, aliwahi kumwomba amsalimie marehemu mumewe, na amwambie kabisa kwamba bado amemkasirikia.

Nje ya kamera alikuwa mama wa kawaida, mcheshi, mkali wa usafi. Mimi nilikuwa mpangaji wake. Ndiyo, mpangaji kweli, nina chumba kwenye lupango lake, yaani kiwanja chake chenye nyumba tatu na bomba moja.

Nililetwa pale na binti yake, Ngoie.

Ngoie ndiye aliyekuwa mtu wa sauti kabla yangu. Nilikutana naye Mokambo, mpakani na Zambia, mimi nikiuza vitenge na yeye akirekodi kelele za soko kwa ajili ya kipande kimoja cha tamthilia. Aliniambia nyamaza, nikamwambia nyamaza wewe, na urafiki ukaanzia hapo.

Mama yangu mzazi alifariki siku ya kunizaa. Nililelewa na bibi, sisi tunasema kambo. Kwa hiyo neno "mama" kwangu lilikuwa la kuwaitia mama wa wenzangu.

Ngoie alinifundisha kazi yote. Alinifundisha kuwa chumba kina sauti yake hata kikiwa kimya, na kwamba mtu anayedanganya humeza mate kabla ya kusema. Mkuu, ukifanya kazi hii miaka miwili humwamini mtu yeyote tena.

Masika yaliyofuata Ngoie akaugua. Homa, siku tisa, basi.

Sina cha kuongeza hapo. Hata leo nikiandika vidole vinakuwa vizito.

Kwenye kilio chake ndipo kilipotokea kitu ambacho ndicho mzizi wa uzi huu, kwa hiyo hapa naomba mtulie.

Kwenye ukoo wa kina Mama Odile, mtu akifa, jina lake halizikwi. Baada ya muda wanachagua mtu, anakalishwa mkekani akiangalia mawio ya jua. Mkubwa wa ukoo, au aliyemzaa marehemu, anampa kikombe cha maji yenye unga kidogo na kutaja jina. Akinywa, jina ni lake. Anakuwa yeye. Mama wa marehemu anakuwa mama yake, na ugomvi wa marehemu unakuwa wake pia. Wanaita kupyana.

Hapo ndipo msiba unafungwa. Mfiwa ananyoa, anavua nguo za msiba, anarudi kwenye chakula chake na maneno yake.

Lakini Ngoie hakuwa ameolewa wala hakuwa na mtoto. Na ukoo ule una sheria nyingine kwa watu kama hao. Wanamwekea kipande cha kaa, sisi tunasema makala, kiganjani kabla ya kufunga jeneza. Maana yake: umezimika, usirudi, jina lako lisiitwe.

Kaka yake Mama Odile ndiye aliyeweka. Anaitwa Mujomba Kasongo, mzee wa Likasi, mstaafu wa reli, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, na mila anazijua kuliko sala. Kwa wenzangu wa mbali, mujomba ndiye mjomba, na kwenye ukoo ule neno lake ndilo la mwisho.

Nilikuwepo. Nilimwona Mama Odile akiutazama ule mkono wa mwanawe ukifungwa juu ya kaa. Hakulia. Nawaambia kweli, ingekuwa afadhali angelia.

Toka siku hiyo alikataa bukari, huo ugali wetu. Alikunywa chai, akatafuna mkate, mara moja moja kiazi. Ukimpikia anasema, "Mukono inakatala." Alikuja kazini kila siku, akaigiza vizuri kuliko zamani, kisha akirudi nyumbani anakaa uani na kitambaa chake cha msiba kichwani mpaka baridi imfukuze. Miezi minne hivyo hivyo. Mwili ukaanza kuisha. Tulikuwa tunamwangalia mtu akiondoka polepole mbele ya macho yetu, na hakuna aliyejua la kufanya.

Mimi nikavaa headphones za Ngoie, nikashika perche ya Ngoie. Jioni nakaa naye uani.

Sasa nirudi kwenye kazi, kwa sababu kuna kanuni moja ya kikundi chetu msipoijua hamtaelewa.

Sisi tukiigiza jambo lolote la kweli, ndoa, mazishi, baraka, kiapo, lazima tuliharibu kidogo. Makusudi kabisa. Pete inavalishwa kidole gumba. Sala inasemwa bila Amina. Jeneza linawekwa viazi vitamu badala ya mtu, na linaelekezwa upande usio wake. Kamera haioni, lakini jambo linajua kuwa halijafanywa.

Kanuni hii aliileta Mama Odile mwenyewe. Zamani walipiga ndoa moja bila kuharibu chochote, basi wale waigizaji wawili, ambao walikuwa hawapendani hata kidogo, leo wana watoto wanne. Na bado wanagombana vilevile kama kwenye ile episode.

Cheka tu, lakini kwenye kikundi hakuna anayecheka.

Na kazi ya kuhakikisha jambo limeharibiwa ilikuwa ya mtu wa sauti. Nadhani ni kwa sababu yeye ndiye ana masikio. Ilikuwa ya Ngoie, ikawa yangu.

Tukafika episode ya mwisho. Réal, ndivyo tunavyomwita mwongozaji wetu Trésor, aliandika kuwa mzimu unapumzika pale mpangaji mmoja anapokubali kulipokea jina lake. Mwenye nyumba hana ndugu, kwa hiyo anatoa jina mwenyewe, kwa mkono wake, kwa mtu asiye wa damu yake.

Alipotusomea, watu wote tulimwangalia Mama Odile. Yeye akasema tu, "Ni muzuri. Tutapiga."

Kwa sababu jambo lilikuwa zito tukaamua kuliharibu mara mbili. Moja, jina litakuwa la mhusika, Bernadette, siyo la mtu yeyote. Mbili, kikombe kitakuwa kitupu. Mpangaji atajifanya anakunywa. Réal mwenyewe alikifuta kile kikombe cha bati na kukiweka juu ya meza, kikavu.

Siku yenyewe yule dada aliyetakiwa kupokea jina hakuja, mtoto wake aliamka na degedege. Saa nane mchana, jua limeanza kuegemea, mama wa jirani wameshakaa kwenye mikeka kama wanaukoo, umeme upo na huku umeme ukiwepo hauuachi.

Réal akanigeukia. "Weye unajua maneno yote. Ingia."

Nikasema mimi si mwigizaji. Akasema hata yeye si mwongozaji, tunasaidiana tu.

Nikaficha maikrofoni kwenye beseni la matembele mbele ya mkeka, nikaanzisha kurekodi, nikafunga kitenge.

Wakuu, hapa nawaomba mnisikilize bila kunihukumu haraka. Kuna kitu nilikifanya hapo katikati. Nitakisema, lakini mahali pake bado.

Nikakaa mkekani. Mama Odile akatoka ndani na kikombe amekishika kwa mikono miwili.

Akapiga magoti mbele yangu. Kwenye skripti hapigi magoti.

Akasema, na namnukuu kwa sababu nimeisikia ile sauti mara nyingi kuliko sala yoyote:

"Hii jina ilikuwa na mwenyewe. Bakaifunga na makala. Mi mama yake, mi sikuifunga. Ngoie. Ngoie wangu. Ikuye kwako. Kunywa."

Hakusema Bernadette.

Nikasikia mama mmoja nyuma akivuta pumzi. Réal hakukata. Baadaye alituambia mdomo ulikataa.

Nilikuwa na uwezo wa kusimama. Nilikuwa na uwezo wa kuinua kikombe na kujifanya. Nilimwangalia usoni na nikaona macho yale ya miezi minne, yameniinamia mimi.

Nikanywa. Nilikunywa yote.

Ndiyo, nimesema nilikunywa. Kikombe kilikuwa na maji.

Wale mama wa jirani, ambao waliitwa kukaa tu, wakakunja viganja na kuanza kupiga makofi yale ya heshima, polepole, pwa, pwa, pwa. Hakuna aliyewaambia. Bibi mmoja, jirani wao wa miaka mingi, akaanza kutaja majina ya watu wa kale wa ukoo ule, mmoja mmoja, na wengine wakaitikia. Nilihisi nimekalishwa mahali ambapo watu wengi wameshakaa kabla yangu.

Na jambo lingine ambalo mimi kama mtu wa sauti siwezi kulisahau. Barabara ile ni ya malori ya mgodi. Tangu tuanze kupiga pale hatujawahi kupata dakika moja safi bila lori kunguruma. Siku ile, kuanzia Mama alipopiga magoti mpaka nilipomaliza kunywa, hakupita hata moja. Ninayo rekodi. Ni upepo, makofi na pumzi ya Mama Odile. Labda kizuizi kilikuwa kimefungwa kule mbele, sijui. Sikwenda kuuliza, na sitaki kujua.

Réal akazinduka, akaamuru kamera ikatwe. "On coupe! Mama, tunarudilia."

Mama Odile akamtazama kwa upole kabisa. "Utarudilia nini, Trésor? Mayi iko mu tumbo."

Akaamka, akatikisa vumbi magotini, akaingia jikoni. Jioni ile akasonga bukari mwenyewe, kwa matembele yale yale yaliyoficha maikrofoni. Akakata tonge, akalitazama kidogo, akala. Kisha la pili. Mimi nilikuwa nimeshika sahani yangu nikalia mpaka mchuzi ukapoa.

"Bado hauyakula, Ngoie?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Kwa sababu mimi nina jina langu! Naitwa Solange, nilipewa na kambo yangu. Kesho yake asubuhi naenda bombani, majirani wananiita, "Ngoie, umeamukaje?" Dada mmoja akanikumbusha kuwa nimemnunia tangu mwaka juzi, wakati aliyemnunia ni marehemu. Nikakasirika. Nikarudi chumbani nikampigia kambo Mokambo nikitegemea atanionea huruma.

Akasikiliza yote. Akauliza, "Ulikunywa?"

Nikasema ndiyo.

"Basi nyamaza, mutoto. Jina ya muntu haiue. Kuikimbia njo inaua."

Akakata simu. Kambo yangu haonei huruma mtu.

Habari Ruashi hazilali. Jumapili, baada ya misa, Mujomba Kasongo akashuka kutoka Likasi. Suti yake ya kijivu, kofia mkononi. Akakaa uani, akakataa maji, akakataa kiti chenye mto. Kikundi chote tuliitwa. Mama Odile akakaa mbele yake, kitambaa cha msiba hana, kichwa amenyoa.

Mujomba alipokiona kile kichwa kilichonyolewa, taya likamcheza.

"Ile jina nilifunga na mukono yangu," akasema. "Kama nilifunga na ikafungulwa, ni maneno ingine. Nitaambia ukoo, na Odile hatakuwa tena na ndugu. Lakini minasikia mweye bantu ya film munaharibukaka bintu kwa kusudi. Njo maana mi nauliza swali moja tu. Kikombe ilikuwa na mayi, ao haikukuwa na mayi?"

Mnaona mtego? Kama kikombe kilikuwa kitupu, hakuna kilichotokea. Mama atafunga tena kitambaa, mimi narudi kuwa Solange, kila mtu nyumbani kwake. Kama kilikuwa na maji, Mama Odile anakatwa na ukoo wake wote, kwa ajili yangu.

Réal akawahi. Ana moyo mzuri yule kijana, alitaka kutuokoa. "Mujomba, haikukuwa na kintu. Mi mwenyewe nilikausha ile kikombe. Ilikuwa bule."

Na hakusema uongo. Kwa alivyojua yeye, kilikuwa kikavu.

Mujomba akapumua. Akaanza kuinuka. Nikamwangalia Mama Odile. Alikuwa ananitazama mimi, na mkono wake wa kulia umeanza kujikunja polepole juu ya goti, kama ulivyokuwa ukijikunja miezi minne iliyopita kila nilipomwekea sahani.

Nikasema, "Ilikuwa na mayi."

Réal akanikanyaga mguu.

"Ilikuwa na mayi, Mujomba. Mi njo niliweka. Na bunga pia niliweka."

Réal akajaribu tena, maskini, akasema labda ni kwa ajili ya sauti, kwamba kikombe cha bati kikiwa kitupu kinalia vibaya kikigusa meno. Na hiyo ni kweli kabisa, Ngoie ndiye aliyenifundisha. Ndicho nilichojiambia mwenyewe siku ile nilipochota maji kwa siri kwenye ndoo, Réal akipanga mikeka. Nilijiambia ni kazi tu.

Lakini unga je? Unga hauna sauti.

Nikamwambia Mujomba yote. Kwamba mimi ndiye niliyewekwa kulinda jambo liharibike, na mimi ndiye niliyelitengeneza. Kwamba nilifikiri jina litakuwa Bernadette tu, na nitakunywa maji ya mtu ambaye hayupo. Nilitaka nijue inakuwaje mama anapokupa kitu kwa mikono miwili. Mara moja tu, hata kama ni ya kuigiza. Sikujua ataita jina la Ngoie.

"Basi ulimutega dada yangu," Mujomba akasema.

Nikakubali.

Ndipo Mama Odile akafungua mdomo.

"Kaka, kikombe ya bule haina na uzito."

Akanyoosha mikono yake miwili, viganja juu, tukaiona ilivyokonda.

"Nilikamata ile kikombe ku meza, nikasikia ni nzito. Nikaangalia ndani, nikaona bunga. Ningelimwanga chini, hakuna muntu angeliniuliza. Sikumwanga. Nikasema: kumbe hata yeye anatafuta. Njo niliita mutoto wangu."

Wakuu, nilikuwa nimebeba siri ile siku nne nikidhani ni yangu peke yangu. Kumbe yeye alikuwa ameibeba kwa mikono miwili tangu mezani.

Mujomba akakaa tena. Akaizungusha kofia yake, mzunguko baada ya mzunguko. Sote tulimsubiri atamke la kukata.

Badala yake akanyanyua kichwa, akaita, kwa sauti ya mtu anayemwita mtu aliye mbali ng'ambo ya reli:

"Ngoie!"

Kwenye ukoo ule hilo ndilo jaribio la mwisho. Jina likiitwa, mwenyewe huitika. Asipoitika kwa wakati, limekufa.

Nikaitika, "Ee, Bwana Treni."

Sijui lilitoka wapi. Naapa kwa kaburi la mama yangu ambaye sikumjua. Labda Ngoie aliwahi kuniambia kuwa alipokuwa mdogo alimwita mujomba wake hivyo. Tuliongea mengi, labda. Nimejaribu kukumbuka ni lini, nimeshindwa.

Mzee akajifunika uso kwa ile kofia. Mabega yakaanza kutikisika. Aliyeweka kaa kwenye kile kiganja alilia uani kwa Mama Odile mchana kweupe mbele ya watu wa tamthilia, na hakuna aliyemgusa kwa muda mrefu. Halafu dada yake akamsogelea.

Alipomaliza, akaomba maji aliyokuwa ameyakataa. Nikamletea mimi. Akanywa nusu, akanirudishia nusu, nikamalizia.

Ni hayo.

Mtaniuliza kama kile kipande kilionyeshwa. Hakikuonyeshwa. Tulipiga upya na yule dada, mtoto wake alishapona, kikombe kikavu, jina Bernadette. Ndicho kilichoonekana kwenye televisheni, na watu walilia mji mzima, wakatusimamisha njiani wakisema hawajawahi kuona kitu cha kweli namna ile. Sisi tukaishia kutazamana tu.

Kile cha kweli kiko kwenye kadi ndogo ya kamera, ndani ya kopo la sukari la Mama Odile. Hakijatazamwa na yeyote. Sauti yake ninayo mimi.

Sasa ni mwaka wa pili. Mama amenenepa, ananikaripia kwa kuacha ndoo njiani. Nimeshapatana na yule dada wa bombani kwa niaba ya marehemu. Mujomba akija huleta viazi na kunilalamikia kuwa sipigi simu.

Nilichojifunza? Zamani nilidhani undugu unatoka kwenye damu, basi asiye nao ameukosa. Siku hizi naona kuna mahali lazima mmoja ajaze kikombe bila kuambiwa, na mwingine ausikie uzito akakataa kumwaga. Mmoja peke yake hatoshi. Na bado nikikaa uani jioni nikifikiria kuwa yote haya yalianza na uongo wa televisheni, nashikwa na woga mzuri, ule wa kanisani.

Walio na mila kama hii kwao, naomba waje hapa waseme inafanywaje. Na wale wa kubisha, karibuni, kuhusu malori mniambie mnavyotaka.

Jambo la mwisho ni kwa moderator, kama unapita. Akaunti hii niliifungua kwa jina la Solange_Mokambo. Naomba nibadilishiwe. Mama ameniona naandika, akauliza hao watu wa kwenye simu wananiita nani, na nikaona aibu kumjibu.

Andika Ngoie. Nitaitika.